Mashua Iliyojengwa Cheyo

Nilizaliwa Cheyo, mjini Tabora, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na mpaka natimiza miaka kumi na tisa sikuwa nimewahi kuingia kwenye maji yaliyovuka magoti. Maji kwetu yalikuwa ya ndoo. Bombani yalitoka siku yalipopenda, na mama aliyahifadhi kwenye mapipa mawili ya bluu ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuyaegemea. Kwa hiyo nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nimewahi kushindana kupiga makasia, tena nikashinda, hucheka kwanza, halafu huuliza: "Wapi? Kwenye pipa?"

Baba yangu ni seremala. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati ambayo mvua ikipiga hamsikilizani. Alitengeneza milango ya mninga, vitanda, na makabati ya maharusi. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nikitoka madrasa nilikwea juu ya rundo la mbao na kumpigia hesabu za vipimo.

"Mia na themanini, gawa kwa nne," alikuwa akisema, kalamu ya risasi sikioni.

"Arobaini na tano."

"Na msumeno je? Msumeno nao unakula. Toa chakula chake."

Hapo ndipo uhandisi wangu ulipoanzia, kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa uhandisi. Nilirithi pia umbo lake: urefu, na mabega yaliyofanya wasichana wenzangu shuleni waniite Mlango. Niliumia kwa jina hilo miaka mingi.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata ufadhili wa kwenda kusomea uhandisi wa mawasiliano Ulaya, kwenye mji wenye mto katikati na ukungu miezi saba. Wiki ya pili, nikiwa kwenye foleni ya chakula chuoni, bibi mmoja mfupi, mwenye umri wa kama miaka sitini, alisimama mbele yangu akanitazama mabega kama mtu anayechagua mbao.

"Unacheza mchezo gani?"

"Sichezi mchezo wowote."

"Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, mtoni."

Nilidhani ni amri ya chuo, kwa hiyo nikaenda. Nikawakuta wasichana wanane wanatetemeka kwa baridi pembeni ya mashua nyembamba kama ganda la kunde, ndefu kuliko nyumba yetu. Bibi yule alikuwa mwalimu wao wa makasia. Aliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema hapana. Hakucheka. Aliniandikia kwenye kikaratasi anwani ya bwawa la kuogelea na jina la darasa, na nilipofika nikakuta darasa lenyewe ni la watoto wa miaka sita. Miezi mitatu nilijifunza pamoja nao, nimevaa nguo ya kuogelea iliyonifunika mpaka vifundo vya miguu, nikiwa nimeshika ubao mdogo wenye picha ya bata. Siku niliyovuka bwawa lote bila ubao, watoto wale walinipigia makofi. Mmoja alinipa pipi yake.

Halafu nikaruhusiwa kuingia kwenye mashua. Mnakaa wanane kwa mstari, kila mtu na kasia moja, kiti chako kinateleza mbele na nyuma juu ya reli mbili, na mnakwenda kinyumenyume. Ni mtu mmoja tu, mdogo wa umbo, anayekaa mwishoni ameelekea mnakokwenda, anashika usukani na kuwapigia kelele. Wengine wote mnaona mlikotoka.

Mwaka wa kwanza tulishindwa kila shindano. Katika shindano mojawapo, mbele ya wazazi waliojaa ukingoni na miavuli yao, kasia langu lilizama kwa pembe mbaya, likanaswa na maji, mpini ukanipiga tumboni ukanirusha nje ya mashua. Nilipoibuka, mwalimu alikuwa ameshasimamisha ukingoni baiskeli aliyotufuata nayo.

"Naona umejua kuogelea," alisema. "Vizuri. Panda."

Sikusahau alivyolisema lile neno, bila huruma na bila dharau. Nikapanda. Tangu siku ile niliacha kuogopa kuonekana nimekosea, na nadhani hilo lilinifaa maishani kuliko misuli yote niliyoipata. Nilianza kwenda mtoni asubuhi kabla ya wengine. Nilifanya mazoezi mpaka viganja vikawa kama vya baba. Mwaka wa tatu tuliingia fainali ya vyuo, na mita chache kabla ya mwisho niliona, kwa kuwa tulikuwa tumeupa mgongo mwisho wenyewe, mashua ya wapinzani wetu wakubwa ikianza kutokea pembeni mwa jicho langu na kurudi nyuma, kidogo kidogo, kiti kimoja baada ya kingine. Unapopiga makasia, kumwona mpinzani ndiyo habari njema. Tulishinda kwa urefu wa mkono.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado nimelowa.

"Baba, shikamoo. Tumeshinda!"

"Marahaba, mama. Alhamdulillahi. Na mlikuwa mnakwenda kinyumenyume hivyo hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Wote?"

"Isipokuwa mmoja."

"Basi huyo mmoja ndiye mwenye akili," akasema, nikamsikia mama nyuma yake akicheka mpaka akakohoa.

Nilirudi nchini na shahada mbili, nikaajiriwa na kampuni changa ya mawasiliano iliyokuwa inajenga minara magharibi, ikifuata ile njia ya zamani ya misafara: Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, hadi ziwani. Nilikuwa mhandisi mwanamke pekee. Mwezi wa kwanza nilipewa kazi ya kupanga mafaili.

Kilichonitoa kwenye mafaili ni mnara mmoja ulioko nje ya Urambo, katikati ya mashamba ya tumbaku. Ulikuwa unazimika kila siku kuanzia saa nane mchana mpaka jioni. Timu mbili zilikwenda, zikabadilisha betri, zikabadilisha nyaya, na mnara ukaendelea kuzimika. Wakubwa wakaanza kusema mtambo wote uletwe mpya kutoka nje. Niliomba niende. Nilipofika nilitembea kuzunguka kabati la mtambo, nikasikia harufu. Mtoto wa Tabora haulizi harufu ile ni ya nini. Nyuki walikuwa wameingia nyuma ya kabati, wakaziba matundu ya hewa kwa nta, na jua la mchana likipamba moto mtambo ulijizima wenyewe usiungue.

Nilimtafuta mrina asali kijijini. Alikuja na moshi wake na mzinga wa gogo, akautundika mtini hatua thelathini kutoka pale, akawahamisha nyuki taratibu huku akiongea nao Kinyamwezi. Mnara haukuzimika tena. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikapendekeza kila mnara wa ukanda ule uwe na wavu mwembamba kwenye matundu na mzinga jirani, asali iwe ya wanakijiji wanaolinda eneo. Ofisini waliniita Mhandisi wa Nyuki kwa kunicheka. Mwaka uliofuata walikuwa wananiita hivyo kwa heshima, kwa sababu minara yetu ilikuwa haizimiki na wanakijiji walikuwa wanailinda kama mali yao. Nayo ni mali yao.

Sitaeleza ngazi zote nilizopanda. Ilichukua miaka kumi na minne. Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuwa akirudia wazo langu kwa sauti nzito dakika tano baada ya mimi kulisema, na wote wakamsifu. Nilijifunza kusubiri amalize, kisha kusema, "Nashukuru umeniunga mkono. Sasa niendelee nilipokuwa nimefikia." Siku bodi iliponiita kuniambia kwamba mimi ndiye mkurugenzi mtendaji mpya, nilitoka nje, nikakaa kwenye gari, nikapiga usukani kwa viganja vyote viwili na kulia kwa furaha peke yangu. Kisha nikampigia mama. Alisema, "Nilijua. Sasa umekula?"

Mwaka uleule mama akafariki. Aliugua siku tisa.

Baba alifunga karakana siku ya mazishi na hakuifungua. Nilikuwa naishi Tabora wakati huo, ofisi yetu ya kanda nimeifanya makao makuu makusudi, kwa hiyo nilimwona kila siku. Alikuwa anatoka msikitini, anakaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, anatazama barabara. Yeye, mtengeneza viti, kwenye kiti cha plastiki! Watu walikuja kuagiza milango, akawaelekeza kwa mafundi wengine. Mikono yake ililala mapajani kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine amtunzie. Miezi minane ikapita hivyo.

Mimi nami mgongo ulikuwa umeanza kuniuma kwa kukaa vikaoni. Daktari aliniambia nirudie mchezo wowote niliowahi kucheza. Nilicheka, nikaenda nyumbani, na njiani wazo likanijia zima zima, kama mgeni aliyebeba mizigo yake yote.

"Baba," nilimwambia, "nataka unitengenezee mashua."

Aligeuza shingo polepole. "Mashua ya nini?"

"Ya makasia. Ya watu wawili. Nitaipeleka bwawa la Igombe."

"Mimi sijawahi kutengeneza mashua."

"Najua."

"Sijawahi hata kupanda."

"Michoro ninayo."

Alirudi kutazama barabara, nikafikiri basi, imeshindikana. Baada ya muda akasema, "Ilete niione hiyo michoro. Kuona si kukubali."

Niliichora usiku ule ule na asubuhi nikamwachia mezani. Jioni nilimkuta karakanani, mlango uko wazi, miwani puani, michoro imeenea juu ya meza ya kazi ikiwa imekandamizwa kwa randa. Hakunitazama. "Hapa umekosea," alisema. "Hiki kipande hakipindi hivi. Uliwahi kuona ubao unapinda hivi?"

Tulijenga miezi minne. Mbao za mninga zilikuwa nzito mno, kwa hiyo nilileta plaiwudi nyembamba ya majini na gundi maalumu ya kuchanganya, inayokauka ikawa ngumu kama kioo. Baba aliidharau gundi ile tangu siku ya kwanza. Plaiwudi aliiita makaratasi. Lakini alipoanza kuipinda kwa mvuke wa birika, na ubavu wa kwanza ukatulia mahali pake bila kupasuka, niliona anaupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Reli za viti tulihangaika nazo wiki mbili. Mwisho alitoka, akang'oa droo kubwa ya kabati la chumbani kwake, akarudi na reli zake za chuma zenye magurudumu. "Jaribu hizi," alisema. Zilikuwa za kabati la mama. Tulitazamana, nikazifunga.

Mtaani habari zilienea. Watu walisimama mlangoni kutazama. "Mzee, gharika linakuja?" waliuliza. "Safina hii, mbuzi wangu wawili nimeshawaandikisha." Baba, ambaye kwa miezi minane hakuwa amejibu utani wa mtu, akajibu bila kuinua kichwa: "Mbuzi wako watapanda. Wewe ndiye nafasi yako sijaiona."

Nilihitaji mwenzangu wa kiti cha pili. Ofisini tulikuwa na fundi minara, dada wa miaka ishirini na sita kutoka Ulyankulu, mrefu kunizidi, wazazi wake wakulima wa asili ya Burundi. Alikuwa anapanda mnara wa mita sitini kama watu wanavyopanda ngazi za benki. Nilimweleza.

"Mkurugenzi, mimi sijui makasia."

"Mimi nilikuwa sijui kuogelea."

"Kuogelea naweza. Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ile ya ziwa, alitufundisha wote mtoni." Akafikiri. "Kwenye mashua na wewe nikuite Mkurugenzi?"

"Kwenye mashua niite Dada."

Alijifunza haraka ajabu, kwenye mashine niliyoibuni kwa kiti cha karakanani na kamba za mpira. Siku ya kuizindua mashua tuliomba ruhusa Igombe, na nusu ya Cheyo ikaja nyuma yetu kwa bodaboda, baiskeli na pikapu moja ya kukodi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulisukuma, tukakaa, tukavuta mara kumi, na mashua ikaenda kama kitu kilichokuwa kinasubiri kuachiwa. Watu walipiga vigelegele. Mara ya kumi na tano nilihisi maji kwenye visigino. Upepo mdogo ukaleta viwimbi, viwimbi vikaruka ubavuni, na mbele ya macho ya mtaa mzima mashua yetu ikajaa maji, ikakaa chini ya matako yetu, ikazama mpaka ukingoni. Tuliogelea tukiivuta. Ukingoni watu walicheka mpaka wakashikana. Nilicheka nao, nilishawahi kuangushwa majini mbele ya watu na nilijua haiui.

Lakini baba hakucheka. Aliigeuza mashua, akapitisha kidole kwenye mshono wa kushoto, akainuka, akaingia kwenye gari. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kibarazani, kwenye kiti cha plastiki. Siku tatu alikaa pale. Moyo wangu ulizama kuliko mashua. Nilijilaumu: nimempa mzee aliyefiwa kitu cha kumwaibisha.

Siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, nilisikia msasa. Nilitoka na khanga, nikamkuta amekwangua mshono wote wa kushoto.

"Kosa ni langu," alisema kabla sijamsalimia. "Upande huu nilitia gundi yangu ya siku zote. Niliona ile yako ni ya kitoto. Miaka arobaini na tano nimetumia gundi yangu, nikaona haya kuiacha."

Nilikaa sakafuni karibu naye. "Na mimi nimekosa, Baba. Nilichora mashua ya mtoni. Mbavu ni fupi mno kwa maji ya upepo. Hata ingekuwa haivuji, ingejaa."

Alinitazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akatabasamu lile tabasamu lake kamili. "Basi hapa hakuna fundi," alisema. "Lete hiyo gundi."

Tuliinua mbavu kwa upana wa kiganja, tukafunika mbele na nyuma kwa plaiwudi, tukashona upya kila mahali. Mashua haikuvuja tena. Miezi mitano mimi na mwenzangu tulifanya mazoezi Igombe kila Jumamosi na Jumapili. Jumapili tulisubiri kwanza mwenzangu atoke misa. Baba alisimama ukingoni na saa yake ya mkononi. Alikuwa ameanza kutuambia mambo ambayo hakufundishwa na mtu: "Wewe unawahi kuliko mwenzako," au, "Leo mnavuta kwa hasira." Mara zote alikuwa sahihi.

Ni mwenzangu aliyeleta habari ya Ujiji. Wavuvi wa kule hushindana kwa mitumbwi siku ya sikukuu, wanne wanne, kutoka ufukweni hadi kwenye boya na kurudi. Aliwahi kuwaona akifanya kazi kwenye mnara wetu unaotazama ziwa.

"Wanawake wanashiriki?" niliuliza.

"Sikuona hata mmoja."

"Wamekatazwa?"

"Hilo sikuuliza, Dada. Na nadhani tusiulize."

Tuliifunga mashua kwenye lori la kubebea vyuma vya minara, tukaondoka Tabora kabla jua halijachomoza, baba kati yangu na dereva. Njia ile aliijua kwa masimulizi tu. Baada ya Urambo, msitu ulipofunga pande zote, alisema babu wa baba yake alikuwa mpagazi, alikwenda Ujiji na kurudi mara nne kwa miguu, mzigo begani. "Sisi tunabeba mashua kupeleka ziwani," alisema. "Angetuuliza kama kule wameishiwa." Alicheka mwenyewe mpaka dereva akacheka. Kila tulipopita mnara wetu nilimwonyesha, naye akaniuliza urefu, nani aliuchomelea, na mzinga uko wapi. Mpaka Uvinza alikuwa anaitambua mizinga kabla yangu.

Ufukweni wavuvi walikusanyika kuitazama mashua yetu. Mmoja akasema ni kitanda. Mwingine akauliza kwa nini viti vinatazama nyuma. Msimamizi wa mashindano, mtu mnene mwenye filimbi, akakuna kidevu.

"Huu si mtumbwi," alisema.

"Sheria inasema mtumbwi?" niliuliza.

"Sheria inasema chombo kisicho na injini."

"Na hiki kina injini?"

Kijana mmoja wa mtumbwi wa kijani, mabega kama milango miwili, akaingilia. "Waache washindane, mzee. Wao wako wawili, sisi wanne. Wakichoka tutawavuta na kamba." Wenzake wakaangua kicheko. Msimamizi akatuweka mstari wa nje kabisa, karibu na miamba. Baba alinishika bega. Nilitegemea maneno marefu. Alisema, "Mshono umekauka vizuri," akarudi nyuma.

Filimbi ilipolia mitumbwi saba iliruka kama mishale. Wale jamaa walikuwa na nguvu za kweli, na kwa dakika ya kwanza sikuona mtumbwi wowote, maana yake wote walikuwa mbele yetu. "Usiwahi," nilimwambia mwenzangu. "Tuvute refu." Yeye alikaa karibu na ncha iliyotangulia, na ndiye aliyekuwa akigeuka kutazama njia. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulivuta refu, viti vikateleza, na mtumbwi wa kwanza ukatokea pembeni mwa jicho langu, nikaona nyuso zao zikigeuka. Halafu wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Tulipofika kwenye boya tulikuwa wa pili, nyuma ya wale wa kijani.

Kuzunguka boya ndiko kulikotugharimu. Mashua ndefu haipindi kama mtumbwi. Wawili kati ya tuliowapita wakatupita tena. Na tulipoelekea ufukweni upepo wa ziwa ukaamka, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni. Nilisikia maji yakigonga plaiwudi ya mbele, yakipanda, yakimwagika pembeni. Machache yaliingia. Zile mbavu zilizoongezwa ziliyazuia mengine.

"Dada, tunajaa?" mwenzangu aliuliza.

"Hatujai. Vuta!"

Tukavuta. Mikono iliwaka, mapaja yakawaka, na kifua changu cha miaka arobaini na moja kikadai maelezo. Tukawapata wale wawili. Mita mia za mwisho niliona mtumbwi wa kijani ukitokea, nyuma yake kwanza, kisha mtu wa nne, wa tatu, wa pili, na mwisho yule kijana wa mabega, anapiga kasia meno yamekenuka, ananitazama usoni, na mimi namtazama. Hakuna mchezo mwingine ambapo unamwangalia mtu machoni huku unamwacha. Nilisikia filimbi. Sikujua ni ya nani mpaka niliposikia vigelegele vya wanawake waliokuwa wamekuja sokoni kununua dagaa. Walikuwa wameingia majini na nguo zao kutupokea.

Mwenzangu alipiga ishara ya msalaba, akajitupa ziwani kichwa mbele. Kijana wa mtumbwi wa kijani alikuja kwetu akihema, akanyoosha mikono yote miwili. "Shikamooni," alisema, na hakuwa anatania.

Nilimtafuta baba. Wavuvi walikuwa wamemzunguka. Wanne walikuwa wameinua mashua yetu begani, na yeye chini yake anawaonyesha mishono, anawaeleza kuhusu gundi. Niliposogea nilimsikia akisema, kwa sauti ya fundi aliye kazini, "Hapana, mbao hizi zenu ni nzuri, ila mnazipinda vibaya. Nipeni watu wawili na birika kubwa." Mmoja tayari alikuwa anamwuliza mtumbwi mpya utachukua muda gani. Baba alitoa kalamu ya risasi sikioni. Sikujua hata kwamba alikuja nayo.

Wanawake wa dagaa walitukalisha kwenye turubai na kutuletea ugali na migebuka ya kukaanga, mikubwa, inayotoka sahanini kichwa na mkia. Mimi na mwenzangu tulikuwa hatuwezi kufunga vidole kushika tonge. Mama mmoja akacheka, akachukua tonge, akachovya, akanilisha mdomoni mimi mkurugenzi mzima mbele ya watu, kisha akamgeukia mwenzangu. Tulikula samaki watano. Tukaomba wa sita.